Muulize Aliyeshinda Kesi

Vidole vyangu havina alama. Nawaambia mapema, msije mkashangaa mkiona kwenye faili yangu pale penye alama za vidole pana madoa ya wino tu kama matope.

Nyinyi vijana mliochukua kazi yetu ya kuwachunguza watu kabla hawajaketi kwenye baraza la usuluhishi la mtaa, mmeniomba niandike nilivyoifanya. Shule niliachia darasa la sita. Nitaandika ninavyoongea. Mahali nimekosea, rekebisheni, nyinyi ndio mmesoma.

Basi, kabla ya kumchunguza mwenzako unachunguzwa wewe. Nilitumwa kuchukua cheti cha tabia njema, kile cha polisi. Kijana wa wino akanipaka vidole kumi, akabonyeza kwenye karatasi, akatazama. Akanipaka tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Mathe," yaani mama, "unafanya kazi gani?"

"Hufulia watu nguo."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu."

Akanyanyua kidole gumba changu akakigeuza juani kama mtu anayekagua noti bandia. "Hapa hakuna kitu. Sabuni imekula yote. Mathe, ungekuwa mwizi hatungekushika."

Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipotoka nje nilivitazama vidole vyangu. Kumbe nguo za watu wa mtaa wetu wa Baba Dogo zilikuwa zimenifuta, kidogo kidogo, na sikusikia.

Sasa nieleze baraza, kwa wale wa mwisho kuingia. Baraza letu lina watu tisa. Majirani wakigombana kwa kamba ya kuanikia, mtu akimkana mtoto wake, mume na mke wakifika pabaya, watu hawakimbilii polisi. Wanakuja kwa wale tisa, wanasikizwa, wanaamuliwa. Ukikalia kile kiti umeshika nyumba za watu mkononi. Ndiyo maana tunachunguza. Ofisi inataka cheti cha polisi. Lakini cheti hakitoshi, na sababu yake niliijua kwa mwili wangu kabla ya kuijua kwa akili.

Nitataja majina. Mmoja wenu aliniambia, "Mama Doro, usitaje watu, utaleta maneno." Maneno yalikuja zamani. Waliouvunja mkono wangu wa kulia walikuwa wawili. Wa kwanza ni Simiyu, mume wangu, aliyefanya kazi kiwanda cha plastiki hapa Baba Dogo. Aliuvunja kwa ubao wa kitanda. Wa pili ni Mzee Matheka, mkuu wa wazee wa mtaa wa wakati huo, kabla ya baraza hili jipya. Yeye aliuvunja kwa mdomo.

Nilienda mbele ya Matheka na wenzake wanne, mkono umening'inia kwenye leso. Walikaa kwenye benchi kando ya tangi la maji. Matheka aliniangalia, akasema, "Mama, huo mkono utapona. Rudi upikie watoto. Na uwaombe majirani msamaha, maana kelele zako zimesumbua ploti nzima."

Nikaomba msamaha. Mkono kwenye leso, nikapita mlango kwa mlango, milango kumi na minne, nikisema samahani kwa kelele. Nilikaa na Simiyu miaka miwili zaidi, kisha nikatoka na watoto na karai. Yeye baadaye akahamia mtaa wa Tassia.

Mnaona sasa shida ya cheti? Ile kesi haikufika polisi. Kwa hivyo Simiyu alikuwa na cheti safi. Mtaani kwetu kesi zote zilikuwa zinazikwa na wazee wenyewe, na polisi hawawezi kuandika walichonyimwa. Anayeogopwa sana na watu ndiye mwenye cheti cheupe kuliko wote. Ofisini walikuwa hawalijui hilo. Wangelijuaje? Wao hutoka kazini saa kumi wakaenda kwao.

Aliyelijua ni Bi Shamsa.

Bi Shamsa alikuwa na duka la vitambaa, madira na leso, na ndiye alikuwa mkuu wa kamati yetu ya uchunguzi. Wazazi wake walikuja hapa wakikimbia vita, yeye akazaliwa Nairobi, na sijaona mtu anayeijua Nairobi kama yeye. Angekaa pale nyuma ya marobota yake, mkanda wa kupimia shingoni, na angekwambia nyumba gani imebadilisha kufuli wiki hii na kwa nini. Mimi nilikuwa nikimfulia mapazia. Siku moja akaniambia, "Abaayo," yaani dada, hivyo ndivyo alivyoniita mpaka mwisho, "abaayo, wewe unaingia nyumba ngapi kwa wiki?"

"Tisa, kumi."

"Na wanaongea mbele yako?"

"Wanaongea kama sipo."

"Wallahi wewe ndiye nilikuwa nakutafuta."

Kazi nilianza vibaya. Nilijiona afisa. Nikanunua faili ya buluu, nikavaa koti la kanisani, nikaenda ploti moja kuuliza habari za mtu fulani. Sijabisha hata mlango wa pili, nikasikia mtoto anapiga kelele, "Watu wa stima!" Waya zikang'olewa ukutani, zote za kuibia umeme, kutoka gorofa ya nne hadi chini. Redio zikanyamaza. Kinyozi wa pale chini mashine yake ikafa, na mteja akatoka nje na shuka shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, akanijia juu: "Mathe, mngengoja animalize!"

Bi Shamsa alicheka hadi akashika rafu. "Faili ya nini, mama wee? Una karai. Enda na karai."

Nikaenda na karai. Ewe kijana unayechunguza watu kwa simu, unaingiza jina unangoja majibu, sikudharau, lakini nikwambie nguo zinasema nini. Shati lililopoteza vifungo vyote mara moja halikuchakaa, lilishikwa. Foronya yenye damu upande mmoja tu, kila mwezi wa pili, si ugonjwa. Mwanamume ambaye nguo za watoto wake hazina hata kiraka kimoja kilichoshonwa na mkono wake, hilo si kosa, lakini nimemwona mmoja, fundi wa magari mwenye vidole kama ndizi, anashona sare ya binti yake kwa uzi mweupe na mweusi kwa sababu buluu imeisha. Nilisimama na sabuni mkononi nikashindwa kuendelea. Huyo nilimwandikia apite.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilikuwa nawauliza majirani wa mtu. Wote wanamsifu. Nikaandika, "Anapendwa na wote." Bi Shamsa akasoma, akanirudishia karatasi.

"Huyu si ndiye anashika funguo ya bomba la maji?"

"Ndiye."

"Kesho huyo jirani atachota wapi?"

Nikaikunja ile karatasi.

"Usiulize mlango anaoishi," akasema. "Uliza mlango aliohama. Pale hawamwogopi tena."

Tangu siku hiyo nilitembea sana. Mtu anaishi hapa, mimi nauliza alikotoka. Watu husema kweli kuhusu aliyehama. Husema mazuri pia, msifikiri ni mabaya tu. Kulikuwa na fundi viatu, Mzee Odera, bado yuko kwenye baraza, mnamjua. Huyo hakungoja aulizwe. Alikuja dukani kwa Bi Shamsa na kipande cha mfuko wa simiti, kimeandikwa majina saba na nambari za milango.

"Hawa ndio niliwakosea tangu nije Nairobi," akasema. "Nendeni mkaulize."

"Mzee, huyu wa tano umemkata," nikamwambia.

"Amekufa. Muulizeni mkewe."

Nilienda kwa wote saba. Mjane alinipa chai, akasema, "Odera alimtusi mume wangu mbele ya watoto. Akarudi mbele ya wale watoto akayameza. Mwacheni aketi." Nilirudi kwa miguu nikiwa siamini. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona watu wakificha. Sikujua kwamba mtu anaweza kukupa orodha.

Halafu Mzee Matheka akaomba kiti.

Hapo alikuwa ameacha uzee wa mtaa miaka kadhaa, lakini watu bado waliinuka kwenye viti wakimwona. Kiti kimoja kilikuwa wazi na yeye alikitaka. Alileta cheti chake kwenye karatasi ya nailoni. Nilikiona. Vidole vyote kumi, mistari yote imetoka vizuri, unaweza kuihesabu. Hana kesi, hana doa. Nilikishika mkononi mwangu mimi ambaye sina hata mstari mmoja.

"Nitamchunguza mimi," nikamwambia Bi Shamsa.

"Wewe? Wewe huyu hutamgusa. Hutauliza mlango hata mmoja."

"Nani anamjua kuliko mimi?"

"Ndiyo sababu. Ofisi itasema una uchungu."

"Ninao!"

"Najua, abaayo. Lakini kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika uchungu."

Nikamwambia ataingia. Akasema labda ataingia. Nikamwambia yeye ni mwoga kama wale wengine, na hilo ni neno ninalojutia hadi leo. Wiki nzima sikupita karibu na duka lake.

Na kweli uchunguzi ulikuwa unakwama, nilisikia. Matheka hakuwahi kuhama. Miaka thelathini mlango mmoja, kwa hivyo hakukuwa na mlango aliouacha. Majirani walimsifu. Wanawake walioshindwa kesi mbele yake nilikuwa nawajua watano, ukiniondoa mimi. Wote walikataa kusema. Mmoja alimwambia Bi Shamsa, "Nyumba nayokaa ni ya mpwa wake." Mwingine, muuza mboga, alimwambia, "Nilisema mara moja. Niliambiwa niombe msamaha. Sina msamaha mwingine wa kuomba."

Sheria yetu mnaijua. Kabla mtu hajapewa kiti, jina lake linasomwa mbele ya mtaa, na mwenye la kumpinga anasema hapo hapo. Akipita siku hiyo, amepita. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa shule. Bi Shamsa alinitumia mtu: njoo uandike. Siku ile mwandishi wetu alikuwa amefiwa. "Utaandika tu," akaniambia nilipofika. "Hutafungua mdomo." Akaweka daftari mbele yangu. Hatukusalimiana vizuri.

Matheka alisimama na kofia yake na fimbo yake. Alinyanyua cheti juu ili wa nyuma waone. "Mimi mikono yangu ni misafi," akasema. "Sisemi mimi, imesema serikali."

Bi Shamsa akauliza, "Kuna wa kumpinga?"

Nilimwona muuza mboga ameangalia sakafu. Nikawaza, basi. Huyu atakalia kile kiti, na kesho msichana mwingine ataletwa mbele yake na mkono kwenye leso, na mimi nitakuwa nimeandika kwa mkono huu kwamba hakuna aliyepinga. Kalamu ilikuwa tayari kwenye mstari.

Nyuma kabisa kiti kikaburutwa.

Alikuwa Simiyu.

Miaka sijui mingapi sikuwa nimemwona. Amekonda, nywele zimekuwa jivu, koti limemzidi. Vijana waliokuwa dirishani wakamrukia: "Buda, kaa! Hujui hata kesi ni ya nani!" Wengine waliomkumbuka wakaguna. Mimi nilidhani amekuja kumsifu. Aliyempa ushindi si ndiye huyu Matheka?

Matheka naye alidhani hivyo. Akatabasamu. "Simiyu, kijana wangu! Umetoka Tassia kuja kunisalimia?"

"Hapana, mzee. Nimeulizwa swali, nimekuja kulijibu."

"Swali gani?"

"Kwamba nilishindaje ile kesi."

Simiyu hakumtazama Matheka, alitazama meza yetu. Akasema, "Siku mbili kabla ya kesi nilimpeleka mzee Burma, kule kwa wachoma nyama. Kilo mbili za mbuzi, mbavu tupu, na supu. Alinisikiliza akila. Nilimwambia nimevunja mkono wa mke wangu. Akapangusa midomo, akaniambia, 'Siku nyingine usipige mkono. Mkono unaonekana.'"

Kalamu yangu ilisimama. Sikuweza. Miaka miwili niliyokaa naye baada ya ile kesi hakunipiga tena mkono. Alinipiga mgongo. Sasa nilikuwa nimejua ni nani alimfundisha.

Bi Shamsa akanigusa kiwiko, polepole. "Andika, abaayo."

Nikaandika. Mkono unaonekana. Niliandika kwa herufi kubwa, asije mtu akasema haisomeki.

"Huyu ni mlevi!" Matheka akapiga fimbo chini. "Huyu ndiye aliyempiga! Muulizeni!"

"Ni mimi," Simiyu akasema. "Nilimpiga. Yule pale anayeandika. Mimi nimesema langu mbele ya watu wote hawa. Sema lako, mzee."

Jamani, nimeishi Nairobi miaka mingi. Nimeona gorofa ikianguka, nimeona watu wakivutwa kwenye moto. Sijawahi kuona kitu kama kile, mwanamume kuyavua maovu yake mwenyewe mbele ya mtaa uliomjua, bila kushikwa, bila kutishwa, bila chochote anachopata. Nilimchukia na nikashangaa, vyote pamoja, na sikujua mwili mmoja unaweza kubeba vyote viwili.

Ndipo Mzee Odera akainuka kwenye meza ya baraza. Yeye huongea kama anapiga misumari ya kiatu, moja moja. "Matheka ndugu yangu. Nyama ulikula?"

"Sasa mzee akikaribishwa nyama akatae? Hiyo ni heshima! Nani hapa hajawahi kukaribishwa?"

"Kwa hivyo ulikula."

"Nilikaribishwa!"

"Ulikula," Odera akasema, akaketi.

Kicheko kilianzia dirishani kikafika mbele. Mpaka leo naamini Matheka hakuelewa kosa lake ni lipi. Kwake mbavu zilikuwa adabu. Muuza mboga hakucheka. Alisimama, akasema, "Mimi mume wangu alimpeleka huko huko." Akasimama mwingine. "Na wangu." Watano wote. Niliandika hadi kidole cha kati kikaota lengelenge. Jina la Matheka likafutwa pale pale. Akatoka na cheti chake kwapani, na safari hii waliokuwa wamekaa hawakuinuka.

Watu walipokuwa wanatoka nilimuuliza Bi Shamsa, "Uliendaje kwa Simiyu? Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilikuwa nimeishiwa milango." Alikuwa anakunja mkanda wake. "Kila mtu humuuliza aliyeshindwa. Nikasema ngoja nimuulize aliyeshinda. Yeye ndiye alikuwa ndani. Mara tatu alinifungia mlango. Mara ya nne akaniuliza, 'Bado anafua?' Nikamwambia anafua. Akaniambia atakuja."

Nikamwomba msamaha kwa lile neno. Akasema, "Neno gani?" na akaanza kuuliza nani ana maji ya kunywa. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Na hilo ndilo nililotaka mlijue zaidi ya yote: mkimchunguza anayetaka kuamua wengine, tafuteni waliowahi kushinda mbele yake, muwaulize walishindaje. Simu haitawaambia. Cheti hakitawaambia.

Msije mkaandika kwamba nilimsamehe Simiyu. Sikumsamehe. Mkono wangu mvua ikikaribia unanijulisha kabla ya mawingu, na ndio umenifanya niache kazi nikiwa na miaka hamsini na tatu. Lakini niwamalizie siku ile.

Aliyetoa habari kwetu hatuandiki jina lake. Tunaandika "mkazi", basi, asije akatafutwa. Ukumbi ulikuwa umebaki viti vitupu, mimi nasafisha maandishi, na kivuli kikaanguka juu ya daftari.

"Umeniandika nani?" Simiyu akauliza.

"Mkazi."

"Futa. Andika jina langu."

"Sheria hairuhusu."

Bi Shamsa, akiwa mlangoni, akasema, "Mwenyewe akitaka, inaruhusu."

"Yote matatu," Simiyu akasema.

Lile jina nilikuwa nimelitamka miaka yote kama mtu anayetema. Nikafuta "mkazi", nikaandika: Patrick Simiyu Khaemba. Nikaandika polepole ili nisikosee. Alisimama akinitazama hadi nikamaliza.

"Mkono je?" akauliza.

"Unaandika."

Nikamsogezea kibweta cha wino, nikamwonyesha mahali pa kuweka kidole kando ya jina lake. Akabonyeza kidole gumba, akakiinua. Alama ilitoka safi, mistari yote, haikukosekana hata mmoja. Daftari liko kwenye kabati la ofisi, lile la jalada jekundu. Nendeni mkaione.